Kompyuta kuukuu zaondoka na siri za wenyewe

KOMPYUTA inapochakaa au kupitwa na wakati, mwenye nayo huwaza mambo mawili: itauzwa kwa bei gani, na nani ataichukua. Swali la tatu, yaani kilichomo ndani yake kitakwenda wapi, huja baadaye, na mara nyingi haliji kabisa.

Swali hilo limepata uzito mpya tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuihudumia programu endeshi ya Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Matokeo yake ni kwamba mashine ambazo bado zinawaka vizuri zinaondolewa mezani katika ofisi, shule, zahanati na majumbani. Baadhi huuzwa kwa mnada, baadhi hugawiwa wafanyakazi, nyingine hupelekwa kwa fundi ili zigeuzwe vipuri.

Ndani ya mashine hizo mna orodha za mishahara, nakala za vitambulisho vya Taifa, hati za viwanja, mikataba na majibu ya vipimo vya wagonjwa. Kompyuta ya steshenari ya mtaani ina mzigo wa namna yake, kwa kuwa imebeba vyeti vya shule na wasifu wa mamia ya watu waliopita hapo mara moja tu kuchapisha barua ya kuomba kazi. Watu hao hawana habari kwamba nyaraka zao bado zimo humo, na mwenye steshenari anapoiuza mashine yake huwa ameuza na vyeti vyao.

Wengi huamini kwamba wameshajilinda kwa sababu walifuta mafaili na kulimwaga pipa la taka lililoko kwenye kioo. Imani hiyo haina msingi.

Kufuta si kuondoa

Diski kuu ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita hadi diski, hutunza mambo katika sehemu mbili. Ipo faharasa inayoonyesha kila faili limehifadhiwa wapi, na lipo faili lenyewe. Mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kufuta, kompyuta haiendi kulisugua faili. Inachofanya ni kuliondoa jina lake katika faharasa na kuitangaza nafasi hiyo kuwa i wazi. Ni sawa na kumfuta mpangaji katika daftari la mjumbe wa nyumba kumi huku mpangaji mwenyewe akiendelea kulala chumbani. Atatoka siku mpangaji mwingine atakapoingia, na katika diski kubwa yenye nafasi tele, siku hiyo inaweza isifike kwa miaka.

Sababu ya utaratibu huo ni kasi. Kubadili mstari mmoja katika faharasa huchukua muda usiofika sekunde moja, wakati kuandika upya juu ya faili kubwa huchukua muda mrefu. Watengenezaji wa programu endeshi walichagua wepesi, na kwa matumizi ya kila siku hawakukosea. Tatizo huanza pale mashine inapobadili mikono.

Kufomati nako kumewadanganya wengi. Kufomati kwa haraka hutengeneza faharasa mpya tupu na kuyaacha mafaili yakiwa yamelala pale pale. Hata kufomati kwa ukamilifu, katika Windows XP na matoleo yaliyoitangulia, kulikuwa kukikagua diski kutafuta sehemu mbovu tu bila kufuta kilichomo. Ni kuanzia Windows Vista ndipo kufomati kwa ukamilifu kulipoanza kuijaza diski kwa sufuri. Programu za kufufua mafaili zinapatikana bure katika intaneti. Mojawapo, iitwayo PhotoRec, huipuuza faharasa kabisa na kuipitia diski kipande kwa kipande ikitafuta alama zinazotambulisha picha, barua na nyaraka nyingine. Haihitaji utaalamu mkubwa kuitumia, na kijana aliyemaliza kozi ya miezi mitatu ya kompyuta anaiweza.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kazi iliyokuja kutajwa sana katika fani hii. Walikuwa wamenunua diski 158 zilizokwishatumika, na kati ya hizo 129 zilikuwa zinafanya kazi. Diski zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Katika nyingine walikuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki, kumbukumbu za wagonjwa, hesabu za makampuni na shehena ya barua pepe za watu. Diski moja ilionekana kuwa imetoka katika mashine ya kutolea fedha huko Illinois, ikiwa na kumbukumbu za miamala ya mwaka mzima.

Wengi wa waliouza diski hizo hawakuwa wazembe. Baadhi walikuwa wamefuta mafaili na baadhi wamefomati, kwa kuamini kwamba hayo yanatosha.

Hospitali na benki

Tukio la hospitali za Brighton na Sussex nchini Uingereza linafaa kutazamwa kwa kirefu, kwa sababu linaonyesha kwamba kuwa na mkataba wa kuharibu diski si sawa na diski kuharibiwa. Mwaka 2010 mamlaka inayosimamia hospitali hizo ilikuwa na diski takriban 1,000 zilizotakiwa kuharibiwa. Kazi hiyo ilikabidhiwa kwa mtoa huduma wake wa masuala ya kompyuta, naye akampa mtu mwingine aifanye. Diski zilikuwa zimefungiwa katika chumba kinachofunguliwa kwa namba za siri, na mtu huyo alikuwa akisimamiwa kwa sehemu kubwa ya muda aliokuwapo hospitalini. Hata hivyo, zaidi ya 200 kati yake zilitoka na kuuzwa katika tovuti ya mnada ya eBay.

Mamlaka hiyo haikugundua yenyewe. Ilijulishwa Desemba 2010 na kampuni ya kufufua data iliyokuwa imenunua diski nne kutoka kwa muuzaji huyo. Baadaye, mwaka 2011, chuo kikuu kimoja nacho kikatoa taarifa kwamba mwanafunzi wake alikuwa amenunua nyingine. Ndani yake mlikuwa na taarifa za makumi ya maelfu ya wagonjwa na wafanyakazi, wakiwamo watu waliokuwa wakihudhuria kliniki za virusi vya Ukimwi. Juni 2012 Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza iliitoza mamlaka hiyo faini ya pauni 325,000, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kutozwa na ofisi hiyo hadi wakati huo. Kwa mgonjwa ambaye hali yake ilikuwa inajulikana kwake na daktari wake tu, faini haikurudisha kitu.

Upande wa fedha, benki ya Morgan Stanley ya Marekani iliingia katika mkasa unaofanana na huo. Kwa mujibu wa Tume ya Dhamana na Masoko ya nchi hiyo, benki iliajiri kampuni ya kuhamisha na kuhifadhi mizigo, isiyo na ujuzi wowote wa kuharibu data, iondoe maelfu ya diski na seva zilizokwisha muda wake. Kampuni hiyo iliuza vifaa kwa mtu wa tatu, na baadhi vikaishia katika tovuti ya mnada vikiwa na data za wateja. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Oklahoma aliyekuwa amenunua diski kadhaa aliiandikia benki kuieleza alichokikuta. Oktoba 2020 msimamizi wa mabenki aliitoza benki hiyo dola milioni 60, na Septemba 2022 Tume ikaongeza dola milioni 35. Wateja walioguswa walikuwa takriban milioni 15.

Limo jambo moja katika uamuzi huo wa Tume ambalo lilipita bila kuzungumzwa sana. Baadhi ya vifaa vilikuwa na uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, lakini uwezo huo haukuwashwa kwa miaka kadhaa. Kinga ilikuwamo ndani ya mashine tayari.

Bara la Afrika limo katika habari hizi kwa upande wa wapokeaji. Mwaka 2009 kipindi cha televisheni cha Frontline cha Marekani kilionyesha wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Canada wakinunua diski za mitumba huko Tema, Ghana. Moja ilikuwa na nyaraka za kampuni ya silaha ya Northrop Grumman kuhusu mikataba yake na Serikali ya Marekani. Kompyuta za mitumba husafiri kutoka Ulaya na Amerika hadi bandari za Afrika, na siri husafiri pamoja nazo. Zinapochoka tena huku, huuzwa zikiwa zimebeba siri za mmiliki wa pili.

Namna ya kufuta

Kwa diski za kawaida, zile zenye sahani za sumaku zinazozunguka, njia ya uhakika ni kuandika upya juu ya kila sehemu ya diski. Programu maalumu huijaza diski yote kwa sufuri au kwa tarakimu za ovyo, na kilichokuwapo hutoweka. Programu ya bure iitwayo DBAN, ambayo huwashwa kutoka kwenye sidii au flashi kabla Windows haijaamka, imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ndani ya Windows yenyewe, amri ya diskpart ikifuatiwa na maneno clean all huandika sufuri kuanzia mwanzo hadi mwisho wa diski iliyochaguliwa. Amri hiyo haiulizi mara mbili, na anayechagua diski isiyo yenyewe atajuta. Asiyetaka kuandika amri anaweza kutumia sehemu ya kuirejesha kompyuta katika hali ya kiwandani, iliyomo katika Windows 10 na 11. Akishachagua kuondoa kila kitu, afungue mipangilio ya ziada na kuwasha chaguo la kusafisha data, kwani bila chaguo hilo mafaili huondolewa kijuujuu tu.

Yapo mabishano ya miaka mingi kuhusu idadi ya mizunguko. Mwaka 1996 mtaalamu wa New Zealand, Peter Gutmann, alieleza namna ya kuandika juu ya diski mara 35, na idadi hiyo ikageuka kuwa kama kanuni ya dini. Wengi waliidaka namba bila kusoma maelezo. Mizunguko 35 ilikusudiwa kujumuisha teknolojia zote za diski zilizokuwapo mpaka wakati huo, nyingine za miaka ya nyuma sana, na Gutmann mwenyewe baadaye alifafanua kwamba hakuna diski moja inayohitaji yote. Kwa diski za kisasa, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, inakubali kwamba mzunguko mmoja unatosha. Hesabu yenyewe ni rahisi: diski ya terabaiti 1 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde hujazwa kwa muda unaokaribia saa 3. Kwa mizunguko 35 kazi hiyo itachukua siku 4, na hapo ndipo watu huchoka na kuamua kutofuta kabisa.

Diski za kielektroniki zijulikanazo kama SSD, ambazo zimo katika kompyuta mpakato karibu zote za sasa, zina tabia tofauti. Hazina sahani. Huhifadhi data katika vijumba vidogo vinavyochakaa kila vinapoandikwa, hivyo diski yenyewe huhamishahamisha maandishi ili vijumba vyote vichakae kwa usawa. Mtumiaji anayedhani ameandika juu ya faili la zamani huenda ameandika kwenye vijumba vingine, na lile la zamani bado lipo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walizifungua diski za aina hiyo na kusoma vijumba moja kwa moja. Walikuta kwamba mbinu za kufuta faili moja moja zilizoazimwa kutoka kwenye diski za sahani hazikufanikiwa, na kwamba hata kuandika juu ya diski nzima mara mbili kulitosha mara nyingi lakini si mara zote.

Kwa SSD, njia inayopendekezwa ni kutumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski yenyewe na kiwanda. Watengenezaji wengi hutoa programu ya bure ya kuitekeleza, na katika baadhi ya kompyuta amri hiyo imo katika mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Watafiti wale wale walibaini kwamba viwanda vingine viliijenga vibaya, na diski moja iliripoti kwamba imejifuta ilhali data zote zilikuwa zimo. Kwa hiyo baada ya kufuta ni lazima kukagua.

Njia rahisi kuliko zote huanzia siku ya kwanza ya matumizi, si ya mwisho. Diski ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri tangu mwanzo, kwa programu kama BitLocker ya Windows au FileVault ya kompyuta za Apple, kilichomo ni fumbo. Siku ya kuiuza, ufunguo ukifutwa, fumbo halifumbuliki. Simu za kisasa hufanya kazi hivyo, ndiyo maana kuirejesha simu mpya katika hali ya kiwandani kunaaminika kuliko ilivyokuwa kwa simu za Android za mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Kutoka meza moja hadi nyingine

Mkazo mwingi huwekwa kwenye kompyuta zinazouzwa nje, lakini zinazohamishwa ndani ya ofisi ni nyingi zaidi. Mashine ya mhasibu hupewa karani wa mapokezi, ya mkurugenzi aliyestaafu hupelekwa masijala. Fundi hufungua akaunti mpya na kazi ikaishia hapo, huku folda za mtangulizi zikibaki na majedwali ya mishahara. Nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari nazo hubaki, na kwa nywila hizo mtu huingia katika barua pepe ya mwenzake bila kuvunja mlango wowote.

Mwongozo wa NIST, uliotoka kwanza mwaka 2006 na kupitiwa upya mwaka 2014 na 2025, hutofautisha viwango vitatu: kusafisha, kutakasa na kuharibu. Kwa kompyuta inayobaki mikononi mwa ofisi ile ile, kusafisha kwa kuandika juu na kuweka programu endeshi upya huweza kutosha. Inayotoka nje ya ofisi ikiwa imebeba taarifa nyeti inastahili kutakaswa au kuharibiwa. Kabla ya lolote kati ya hayo, nakala rudufu ya kazi zinazohitajika ichukuliwe na ijaribiwe kama inafunguka, kwa kuwa diski iliyofutwa vizuri haimrudishii kitu hata mwenyewe.

Si kompyuta peke yake. Mashine kubwa za fotokopi za ofisini nyingi zina diski kuu inayotunza sura ya kila karatasi iliyopita. Mwaka 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilinunua mashine za fotokopi zilizokwishatumika na kukuta nyaraka za polisi wa Buffalo na taarifa za wagonjwa wa bima ya Affinity Health Plan. Bima hiyo ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2013 kumaliza shauri lililofuatia. Ofisi zinazokodi mashine za namna hiyo huzirudisha mkataba unapokwisha, na ni wachache wanaouliza habari za diski.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya kufikiwa na wasiohusika na asizitunze kupita muda unaohitajika. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019. Kompyuta iliyouzwa na orodha ya wagonjwa ndani yake haimtoi mwenye zahanati katika wajibu huo, hata kama aliyeiuza ni fundi aliyetumwa.

Nyundo na kuchimba

Kuharibu diski kabisa ndilo chaguo la mwisho, nalo lina imani zake potofu. Baada ya chombo cha anga cha Columbia kusambaratika Februari 2003, diski moja iliyokuwa na matokeo ya jaribio la kisayansi ilipatikana ardhini ikiwa imeungua na kuchakaa, na wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack wakafanikiwa kusoma takriban asilimia 99 ya data zake. Kwa hiyo pigo moja la nyundo juu ya kasha, au kuitumbukiza diski katika ndoo ya maji, si kuiharibu.

Diski ya sahani ichimbwe mashimo kadhaa yanayopenya hadi kwenye sahani, au sahani zenyewe zitolewe na kukunjwa. Vifaa vya kufuta kwa nguvu ya sumaku vipo na vinafanya kazi kwa diski hizo, lakini kwa SSD havifui dafu, kwa kuwa data zake hazikuandikwa kwa sumaku. SSD inahitaji kila kipande cheusi cha kumbukumbu kilichomo ndani kivunjwe. Gazeti la The Guardian la London lilipolazimika kuharibu kompyuta zilizobeba nyaraka za Edward Snowden Julai 2013, mbele ya maofisa wa usalama wa Uingereza, wafanyakazi wake walitumia mashine za kusagia vyuma na za kuchimbia. Kuchoma moto si njia ya nyumbani, kwani moshi wa plastiki na saketi una sumu.

Kwa ofisi yenye mashine nyingi, kila diski ina namba yake iliyochapwa juu ya kasha. Namba hizo ziandikwe kabla diski hazijatoka chumbani na zilinganishwe na orodha inayorudi kutoka kwa mharibifu. Huko Brighton, orodha ya namna hiyo ingeonyesha mapema kwamba hesabu haikutimia.

Inabaki diski iliyokufa, ile inayofanya kompyuta ikatae kuwaka. Hiyo haiwezi kuandikwa juu kwa programu yoyote, lakini data zake bado zinaweza kusomwa na mwenye vifaa vinavyofaa. Kwa fundi wa kawaida kuitoa ni kazi ya dakika chache, kwa kufungua skrubu nne au tano. Kompyuta inaweza kuuzwa bila diski kwa bei pungufu kidogo, mnunuzi akaweka yake, na ile ya zamani ikabaki kwa mwenyewe mpaka itakapochimbwa.